Macho ya Mzee Wino

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa baba yako.
Jumapili, tarehe nane, mchana.

Mpendwa dada yangu Jemadari,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji na hao mapacha wenu ambao nasikia siku hizi wanajibizana hadi na mwalimu mkuu. Hamjambo? Baridi ya huko imepungua? Na mgongo wako je, bado unakusumbua ukitoka zamu ya wodini, au umeanza kusikia la mkuu na kukaa chini kidogo? Najua hujakaa. Wewe tangu utotoni ulikuwa wa kuamrisha wengine wapumzike.

Huku hatujambo. Mimi mwili ni mzima, moyo tutauzungumzia. Baba yako naye ni mzima, anakula, analala, jana amepanda ngazi kurekebisha bati la jikoni nikiwa namlilia ashuke. Nalitaja hilo makusudi. Ukiendelea kusoma utajua kwa nini.

Najua utajiuliza huyu Chiriku ana nini, mbona tumeongea kwenye simu juzi tu. Lakini sheria ya nyumba hii unaijua: simu ni ya salamu, neno zito linaandikwa. Na hakuna barua inayofungwa kabla haijapita mezani kwa Mjomba, baba yako, na kalamu yake nyekundu. Unakumbuka ile barua yako ya kwanza kwa shemeji uliyoisahau mezani? Ikarudi imewekewa mkato pale ulipostahili, na asiseme neno jingine! Basi na hii itapita. Nimeamua hivyo nisije nikajionea huruma katikati ya safari nikakupunja ukweli.

Nianzie kazini.

Gazeti ulilolijua limebaki jina. La karatasi linatoka mara moja kwa wiki, jembamba mpaka wauza magazeti wanalitania kwamba linaugua. Siku nyingine zote tupo mtandaoni. Ule mtambo wa kuchapa uliokuwa ukitikisa vioo vya madirisha uliondolewa vipande vipande, na chumba chake kimepakwa rangi ya kijani, ndimo tunamorekodi video. Mwandishi wa michezo, yule mwenye kitambi na sauti nene, siku hizi anasimama mbele ya simu iliyofungwa kwenye kijiti, anaambiwa atabasamu, naye anatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Ukutani kuna skrini inayoonyesha ni watu wangapi wanasoma habari ipi sasa hivi. Namba zikishuka, tunabadilisha kichwa cha habari. Zikishuka tena, tunabadilisha tena. Kuna habari moja juzi ilipata vichwa vitano kabla ya chakula cha mchana.

Nisiwe mchoyo wa sifa, yapo mazuri. Maji yakikatika mtaani watu wanajua kabla hawajafungua bomba, na watu wa mbali kama wewe mnatusoma bila kungoja mgeni awaletee gazeti la kufungia viatu. Mimi ndiye mkuu wa dawati hilo la mtandaoni. Ulinipongeza nilipokipata cheo, ukaniambia nimekuheshimisha. Jamani, dada. Laiti ungejua nilivyokipata.

Miaka miwili iliyopita mkurugenzi aliniita ofisini. Alitaka ripoti: kwa nini wenzetu wanatangulia kutoa habari, sisi tunafika watu wameshasahau? Habari zetu zinakwama wapi? Nikashika saa wiki nzima, meza kwa meza, kama msimamizi wa mbio. Zilikuwa zinakwama kwa baba yako. Kila habari ilikaa kama dakika arobaini kwenye meza ya msahihishaji, kwa Mzee Wino, ndivyo tulivyomwita pale kazini.

Sasa nisikilize vizuri. Dakika zile hazikuisha kwenye kusoma. Mjomba anasoma haraka kuliko mimi. Ziliisha kwenye simu. Alikuwa anampigia diwani kumuuliza kama kweli alitamka vile, anampigia mwalimu kuhakikisha idadi ya wanafunzi, anampigia jirani wa aliyefiwa. Mstari ambao hajui umetoka wapi aliuandikia pembeni neno moja jekundu: Chanzo? Basi. Hakuwa akiufuta. Kwake yeye kazi ya msahihishaji ni kuuliza, na mwandishi ndiye anayejibu, kwa sababu jina la juu ni la mwandishi. Lile neno tulilichukia sote. Kuna waliokuwa wakilisikia hadi usingizini.

Ningeandika hivyo, kwamba anachelewa kwa sababu anathibitisha, pengine mkurugenzi angefikiri mara mbili. Pengine angeniambia mimi ndiye nipunguze mwendo. Nami nilikitaka kile chumba chenye dirisha, nilizitaka zile meza mbili, ya mtandaoni na ya usahihishaji, zihamie kwangu, nilitaka kuitwa mkuu. Kwa hiyo nikaandika kwamba msahihishaji mkuu umri umemtupa mkono, macho yake yamechoka, anasoma kwa shida, na kazi inachelewa. Mistari miwili tu. Nikampa katibu muhtasi wetu, Mama Faili, aipige chapa upya ipendeze, na kesho yake ikapanda kwa mkurugenzi. Aliisifu mbele ya wote kwa lugha yake safi, isiyo na doa. Nikajivuna.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndimi niliyekuwa nguoni mwa Mjomba. Alinichukua mama yangu alipofariki, akanilaza chumba kimoja na wewe, akanifundisha kuandika sentensi inayosimama wima, akanipeleka pale gazetini kwa mkono wake. Shukrani ya punda ni mateke, na teke langu lilikuwa la kistaarabu, limepigwa chapa.

Mwezi haukuisha, meza ya usahihishaji ikafungwa. Walimuaga kwa soda na keki, wakampa saa ya ukutani, akashukuru, akaibeba hadi nyumbani kwenye mfuko wa plastiki. Jumapili yake mimi nikakuandikia barua. Nilisema baba ameamua kupumzika mwenyewe, macho yamemchoka, msiwe na wasiwasi. Mjomba hakuwepo siku hiyo, alikwenda mazishini, nami nikaifunga bahasha haraka kabla hajarudi. Ndiyo barua pekee iliyowahi kutoka nyumba hii bila kupita mezani kwake.

Ukaanza kutuma miwani.

Ya kwanza aliivaa, akasema asante. Ukauliza kwenye simu kama inasaidia, akajibu kidogo. Ukatuma ya pili, nzito zaidi. Halafu hii ya tatu, nene kama kitako cha chupa. Dada, naomba unisamehe kwa haya nitakayosema sasa. Ile siku ya simu ya video uliyomwona anamimina chai nje ya kikombe, ukapiga kelele, mapacha wakaanza kulia kwamba babu anakuwa kipofu? Tatizo halikuwa macho. Alikuwa haoni kwa sababu ya miwani yako. Anaivaa ukipiga simu tu, usije ukaona hukuthaminiwa. Ukikata anaivua, anaiweka kwenye kibweta chake, kisha anasoma maandishi ya ubavuni mwa kiberiti. Siku ile nilikimbilia jikoni nikacheka hadi nikakaa chini. Kisha nikalia.

Na kila asubuhi anasoma tovuti yetu kwenye simu, neno kwa neno, na kuandika makosa kwenye daftari. Nilikuambia anajipitishia muda. Sasa yuko daftari la saba. Hajawahi kunionyesha hata moja, na mimi sijawahi kuomba.

Haya yote ningeendelea kuyakalia. Nikwambie ukweli, nilishayazoea. Kilichonitoa shimoni ni fundi cherehani mmoja.

Mwezi uliopita tulitoa habari ya mtu aliyekamatwa kwa kuvunja duka. Tulikuwa na haraka, wenzetu walishaitoa. Picha hatukuwa nayo, kijana wetu mmoja akaiokota kwenye mtandao wa kijamii kwa kutafuta jina. Jina lilikuwa lenyewe, mtu hakuwa mwenyewe. Tuliweka uso wa fundi cherehani asiye na hatia yoyote, ukakaa pale saa tatu. Tulipogundua, tukafanya tunavyofanya siku zote: tukabadilisha picha kimyakimya, habari ikaendelea kung'aa kama haijawahi kukosea. Huo ndio uzuri wa mtandao, tunaambizana. Karatasi ikikosea imekosea, sisi tunafuta tu.

Baada ya siku nne akaja ofisini, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Hakufoka. Alisema wateja watatu wamekuja kuchukua vitambaa vyao, mmoja hakumtazama hata usoni. Akaomba tumpe gazeti lililosema yeye si mwizi, aende akalibandike kwenye kibanda chake. Nikamweleza kwamba hakuna gazeti, ila picha tulishaiondoa, haipo tena popote.

Akaniuliza, "Na wale walioiona, nao mmewaondoa?"

Nilimwambia asubiri, nikaenda kwa Mama Faili kuuliza enzi zile tulikuwa tunaandikaje masahihisho. Unajua baba yako alivyokuwa mkali kwa hilo: kosa la ukurasa wa kwanza linasahihishwa ukurasa wa kwanza, kwa herufi zilezile, palepale lilipotokea. Hakuna kuuma mbele ya watu na kupuliza uchochoroni. Mama Faili akafungua kabati la chini, akatoa kitabu cha masahihisho ya miaka yote. Ndani yake kulikuwa na karatasi nyingine zimebanwa kwa pini. Akazitazama, akanitazama, akasema afadhali nizichukue, zimemchosha.

Ilikuwa ripoti yangu. Nakala ya kwanza kabisa, ile niliyompa aipige chapa upya.

Dada, ilikuwa nyekundu tupu.

Mama Faili amekaa ofisi ile miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo hakuna karatasi iliyopanda kwa mkurugenzi bila kupita kwa Mzee Wino. Siku ile mkono wake ukafanya ulivyozoea. Akaiweka ripoti yangu kwenye trei ya baba yako, akaenda kula. Alipokumbuka imeandikwa nini, alikimbia, anasema hajawahi kukimbia vile tangu shuleni, akaikuta imesharudi kwenye meza yake. Mjomba alikuwa ameisoma yote na kuisahihisha yote. Sentensi yangu iliyopinda aliinyoosha. Takwimu niliyokosea kujumlisha aliirekebisha, tena kwa faida yangu. Ripoti iliyomfukuza kazi, iliyosifiwa lugha, lugha ilikuwa yake.

Ukurasa wa tatu, pale nilipoandika kwamba macho yake yamechoka, hakufuta wala hakupindua neno. Ameandika pembeni, kwa mwandiko wake ule mdogo ulionyooka: Chanzo?

Mama Faili aliogopa kunionyesha. Akapiga chapa masahihisho mengine yote, lile neno akaliacha. Kwa hiyo Mjomba aliuliza swali lake, akangoja jibu langu kama alivyongoja majibu ya kila mwandishi, na kesho yake akaona ripoti imepanda na mstari wangu umo. Akaamini ndilo jibu. Miaka miwili, dada, tunakula meza moja, ananiuliza habari za kazi, ananiambia nisirudi nikiwa na njaa. Hakuuliza mara ya pili.

Nilirudi nyumbani siku hiyohiyo nikiwa na karatasi zile kwenye mkoba. Ndipo nikakuta mmeshaongea. Umempatia daktari bingwa wa macho, tiketi imeshakatwa, wiki ya mwisho ya mwezi ujao anapasuliwa. Nikamkuta anakunja mashati. Hapo ndipo nilipoona uongo wangu wa mistari miwili umeota miguu, umepanda ndege, na unakwenda kulazwa kitandani kwa daktari.

Nikaziweka zile karatasi juu ya mashati. Alizitambua. Nikamuuliza kwa nini amekubali kwenda kutibiwa ugonjwa asiokuwa nao.

"Ningemwambia siumwi, angeniuliza nani alisema naumwa," akajibu. "Yule namjua, hataishia hapo. Mngegombana, nami nina nyinyi wawili tu."

Nilipomweleza karatasi zile nilizipataje, akauliza fundi cherehani tumemjibu nini. Kumbe habari ile aliiona asubuhi ileile, imo kwenye daftari la saba, na saa ameandika: saa mbili na dakika kumi. Alikuwa ameona kosa kabla yetu. Alipiga simu ofisini, akapokewa na mtu asiyemfahamu, akaambiwa aandike maoni yake chini ya habari kama wasomaji wengine. Nilitamani ardhi ipasuke. Hapo nikajua alishanisamehe zamani.

Fundi tumemjibu. Nilimbishia mkurugenzi nusu siku. Tuliweka masahihisho juu kabisa ya tovuti, na uso wake, na maneno kwamba sisi ndio tuliokosea, yakakaa saa tatu kama picha ilivyokaa. Namba kwenye skrini zilikuwa ndogo, watu hawakimbilii msamaha kama wanavyokimbilia mwizi. Lakini katika gazeti la karatasi la wiki hii yamo pia, na nimempelekea nakala kumi mwenyewe. Amebandika moja mlangoni. Nyingine amesema atazikalia akingoja wateja warudi. Mmoja amerudi. Kuhusu cheo changu, nimeandika ripoti nyingine kwa mkurugenzi, yenye ukweli wote, na nimemwomba meza ya usahihishaji irudishwe, iwe mtandaoni, kabla ya kuchapisha na si baada. Hajanijibu. Anaweza kuniondoa, na nikiondolewa sitakuwa na wa kumlaumu.

Limebaki lako. Mjomba anasema kosa husahihishwa palepale lilipotokea. Nilikosea kwenye karatasi, ndani ya barua kwako. Kwa hiyo soma, tena kwa sauti, maana barua ile ya kwanza uliniambia uliwasomea shemeji na watoto mezani. Na hii wasomee hapohapo.

MASAHIHISHO. Katika barua yangu ya miaka miwili iliyopita niliandika kwamba baba yako ameacha kazi kwa hiari yake kwa sababu macho yamemchoka. Si kweli. Macho yake ni mazima. Aliondolewa kwa ripoti niliyoiandika mimi, nikijua ni uongo, kwa sababu nilitaka nafasi. Namwomba radhi yeye, nakuomba radhi wewe, na wajukuu waliolia bure.

Nakusihi, mfute daktari, usiifute safari. Mashati yameshakunjwa, na anawataka sana hao mapacha. Mimi nitukane utakavyo, kwa simu au kwa maandishi. Nastahili.

Msalimie shemeji, umwambie kofia aliyoituma inanitosha ila aibu ya kuivaa bado ninayo. Wabusu mapacha, waambie babu anaona hadi sisimizi. Mama Faili anakusalimu, anauliza lini utakuja tena uwapange foleni watu wa ofisini kama ulivyofanya ukiwa na miaka tisa. Mungu akulinde kwenye zamu zako, akupe wagonjwa wanaopona na miguu isiyochoka.

Ni mimi nikupendaye, hata kama leo hutaki kulisikia hilo,

Mdogo wako,
Chiriku.

Kabla ya kufunga bahasha:

Mjomba ameirudisha. Ameisoma barazani, bila miwani. Ameweka mikato minne, na pale niliposema amepanda ngazi amesahihisha kwamba ilikuwa juzi, si jana. Sehemu ya masahihisho hakuigusa. Lakini rudi kwenye ule mstari niliosema nilijua alishanisamehe zamani. Tazama pembeni, dada, wino haujakauka vizuri. Ameandika: Chanzo?

Sina. Nilijisemea tu. Bado amekaa palepale barazani, kalamu iko mkononi, anangoja kama alivyokuwa akingoja ofisini. Naiacha barua hapa wazi, nakwenda kumuuliza.